Slyudyanka, mji wa reli kwenye ncha ya Ziwa Baikal: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Wengi wanaijua reli ya Trans-Siberia kwa majina mawili tu: Moscow inakoanzia na Vladivostok inakoishia. Katikati kuna miji midogo mingi ambayo isingekuwepo kama si reli hiyo. Slyudyanka ni mmojawapo, nami naupenda kuliko yote. Haya ndiyo maswali ninayoulizwa kila ninapoutaja.

Slyudyanka iko wapi?

Iko Siberia ya mashariki, katika mkoa wa Irkutsk, kwenye ncha ya kusini-magharibi ya Ziwa Baikal. Kwa reli ni kilomita 5,311 kutoka Moscow na kilomita 126 kutoka mji wa Irkutsk. Aliyepandia treni Moscow huiona siku ya nne ya safari. Mbele ya mji ni maji, nyuma ni milima ya Khamar-Daban, na ukanda uliobaki katikati ni mwembamba mno, hata reli, barabara kuu na nyumba za watu vimebanana kama abiria wa daladala saa ya kurudi nyumbani. Wakazi ni kama 18,000.

Aliyewahi kufika Kigoma ataielewa Slyudyanka upesi. Baikal ndilo ziwa lenye kina kirefu kuliko yote duniani, mita 1,642, na linalolifuata ni Tanganyika, lenye mita 1,470. Miji yote miwili ni ya reli iliyoshuka kutoka bara ikakutana na maji na milima. Ila Kigoma reli inaishia hapo. Slyudyanka reli ilitakiwa iendelee mpaka Bahari ya Pasifiki, na tabu zote za mji huu, pamoja na riziki yake, zimetokana na hilo.

Jina lake lina maana gani?

Kwa Kirusi *slyuda* ni ulanga, yale madini ya magamba yanayong'aa ambayo wazee wa Uluguru wanayakumbuka tangu enzi za Wajerumani. Zamani, kioo kilipokuwa ghali, Warusi waliuchambua ulanga kuwa vipande vyembamba wakavitia madirishani badala ya kioo. Mto unaoshuka kutoka milimani ulipewa jina la madini hayo, na mji ukarithi jina la mto.

Kwa hiyo watu walijua kuna mali ardhini hapa muda mrefu kabla ya treni. Jirani kabisa, Kultuk, Warusi walijenga ngome mwaka 1647. Katika miaka ya 1780 Erik Laxmann, mtaalamu wa mambo ya asili aliyekuwa akiishi Irkutsk, alizunguka milima hii akitafuta vito, akakuta lazuli, lile jiwe la buluu iliyokoza. Lakini mawe hayo yote hayakuzaa mji. Kilichouzaa ni kambi ya wajenzi wa reli mwaka 1899.

Kwa nini reli isingepita mahali pengine pepesi?

Hapakuwa na mahali pepesi. Ujenzi wa Trans-Siberia ulianza mwaka 1891, na mwaka 1898 treni zikafika Irkutsk. Mbele yao likawa limelala Ziwa Baikal, zaidi ya kilomita 600 kutoka kaskazini hadi kusini. Njia fupi ya kulizunguka ni kupitia kusini, lakini huko ufuo ni majabali yanayotumbukia majini wima. Wahandisi wakaona kazi hiyo itachukua miaka, na serikali ilikuwa na haraka.

Wakaamua kwa muda mabehewa yavushwe kwa meli. Iliagizwa meli kubwa ya kuvunja barafu kutoka Newcastle, Uingereza, kwa kampuni ya Armstrong Whitworth. Ikaundwa, ikafunguliwa vipande vipande, ikasafirishwa hadi Siberia na kuungwa upya ufuoni Listvyanka. Msomaji wa Tanzania ataikumbuka Liemba, iliyoundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikaletwa Kigoma ndani ya makasha na kuungwa huko. Meli ya Baikal, iliyopewa jina la ziwa lenyewe, ilianza kazi mwaka 1900 ikibeba zaidi ya mabehewa 20 kwa mkupuo. Dada yake mdogo, Angara, alivusha abiria. Baikal iliteketea mwaka 1918 katika vita vya wenyewe kwa wenyewe. Angara bado ipo Irkutsk, imefanywa makumbusho.

Ni kweli waliwahi kutandika reli juu ya barafu?

Ni kweli. Februari 1904 Japani iliishambulia Urusi huko Port Arthur, bandari ya China iliyokuwa mikononi mwa Warusi, na jeshi lote la Urusi pamoja na chakula chake na mizinga yake likawa linategemea njia moja yenye pengo katikati. Katikati ya majira ya baridi barafu ya Baikal hunenepa kuliko nguvu za meli. Basi wakatandika mataruma na reli juu ya barafu yenyewe, kutoka ufuo hadi ufuo. Kichwa cha treni ni kizito mno kwa njia ya namna hiyo, kwa hiyo vichwa vilifunguliwa vikavushwa kwa vipande, na mabehewa yakavutwa na farasi. Askari wengi walivuka kwa miguu au kwa magari ya theluji. Waziri wa uchukuzi, Mikhail Khilkov, alifika mwenyewe ziwani kusimamia. Huyu alikuwa mwana wa ukoo wa makabaila ambaye ujanani alikwenda Marekani akafanya kazi za reli kuanzia chini, na nadhani ndiyo maana hakuona aibu kusimama kwenye baridi ile pamoja na vibarua.

Reli ya kuzunguka ziwa ilijengwaje?

Hapa nitakaa kidogo, maana hii ndiyo kazi iliyoizaa Slyudyanka.

Kutoka Bandari ya Baikal, mahali ambapo mto Angara unatoka ziwani, hadi Slyudyanka ni kama kilomita 89 kwa kufuata ufuo. Ndani ya kipande hicho kifupi kuna mahandaki 39, pamoja na madaraja, vipenyo vya mawe vilivyoezekwa ili maporomoko yapite juu ya treni, na kuta za kuzuia mlima usiishukie njia. Handaki refu kuliko yote, la Polovinny, lina urefu wa karibu mita 778. Hapakuwa na barabara ya kuleta vifaa. Kila mfuko wa saruji, kila baruti, kila gunia la unga lilikuja kwa maji wakati wa kiangazi na juu ya barafu wakati wa baridi. Vibarua walikaa kwenye mabanda yaliyong'ang'ania majabali.

Mawe yalichongwa na mafundi waliotoka mbali, wakiwemo Waitaliano, na mpaka leo kuna ukuta mmoja ufuoni unaoitwa Ukuta wa Kiitaliano. Ukiutazama kwa karibu utaona mawe yamekatwa yakakaa kifua kwa kifua, juu yake vipenyo vya tao mfululizo, vyote vimefunikwa ukoga wa kahawia. Umepita zaidi ya karne na bado mlima umesimama nyuma yake.

Treni ya kwanza ilipita Septemba 1904, vita vikiendelea, na njia ikafunguliwa rasmi Oktoba 1905. Katika miaka ya 1910 ikaongezwa njia ya pili. Warusi waliita kipande hiki "bizimu ya dhahabu ya mkanda wa chuma wa Urusi": mkanda ni reli inayoifunga nchi kutoka magharibi hadi mashariki, bizimu ndiyo inayokutanisha ncha zake, na ni ya dhahabu kwa sababu ya fedha zilizozama humo.

Stesheni ya marumaru ni hadithi au kweli?

Ni kweli, na ndiyo inayojulikana kama stesheni pekee ya Urusi iliyojengwa yote kwa marumaru. Ilijengwa mwaka 1904, kwa mawe ya hapohapo Slyudyanka.

Anayesikia neno marumaru hufikiria sakafu za benki, zilizong'arishwa mpaka mtu anajiona. Hii siyo hiyo. Mawe yamechongwa kwa nyundo na kuachwa na ukali wake. Ni meupe yenye kuelekea kijivu, na ukipitisha kiganja ukutani unahisi chembe kama za sukari guru. Jua la asubuhi likipiga, chembe hizo humetameta moja moja. Jengo si refu, ni la ghorofa ya chini tu, madirisha yake yana tao, na abiria anayelala upande wa pili wa behewa anaweza kulipita bila kujua. Mimi naona uzuri wake upo hapo. Waliojenga walitumia jiwe la thamani kama vile watu wa pwani walivyotumia matumbawe: kwa kuwa ndilo lililokuwa miguuni pao.

Mapinduzi na vita viliufanya nini mji?

Wafanyakazi wa reli walikuwa miongoni mwa waliogoma mwaka 1905, na mwanzoni mwa 1906 serikali ya mfalme ilituma jeshi la adhabu kwenye njia hii. Ivan Babushkin, mwanaharakati wa chama cha kimapinduzi cha Bolsheviki, alipigwa risasi Mysovaya, stesheni iliyo mashariki zaidi, na mji ule leo unaitwa Babushkin. Mwaka 1918 Wabolsheviki waliokuwa wakirudi nyuma mbele ya majeshi ya Wacheki walilipua handaki namba 39, la mwisho kabla ya Kultuk, na njia ya Siberia nzima ikakatika mpaka kifusi kilipoondolewa. Slyudyanka ilipewa hadhi ya mji mwaka 1936.

Kwa nini treni kubwa hazipiti tena kando ya ziwa?

Kwa sababu ya umeme. Serikali ya Kisovieti ilijenga bwawa la kuzalisha umeme kwenye mto Angara huko Irkutsk, na bwawa lilipojaa mwaka 1956 maji yakaifunika reli iliyofuata kingo za mto kutoka Irkutsk hadi Bandari ya Baikal. Kabla ya hapo wahandisi walishatengeneza njia mpya inayokata moja kwa moja juu ya milima kutoka Irkutsk hadi Slyudyanka, njia mbili na zenye umeme.

Ile bizimu ya dhahabu ikawa mkia usio na kichwa. Upande mmoja umeungana na Slyudyanka, upande wa pili unaishia gatini. Reli moja iling'olewa, ikabaki nyingine. Vijiji vilivyoishi kwa kuhudumia treni vikaanza kuhamwa, na nyumba za walinzi wa mahandaki zikabaki wazi milango.

Tafadhali pima bahati iliyokuwepo hapo. Bandari ya Baikal ilikuwa mahali pa maana, penye gati na meli. Mchoro wa reli ulipobadilishwa, Bandari ikaachwa pembeni ikawa kijiji, na Slyudyanka ikajikuta ndipo njia ya zamani na njia mpya zinapokutana. Watu wa miji yote miwili walikuwa wachapakazi sawasawa. Nasema hivi kwa uchungu, kwa kuwa nimeona stesheni za kwetu zilizofungwa milango baada ya treni kubadilishiwa njia, na wenyeji wakalaumiwa kuwa ni wavivu.

Wakazi wanaishi kwa kazi gani?

Reli kwanza. Njia ya mlimani ndiyo inayowapa kazi, kwa sababu ni ngumu. Kutoka ufuo wa ziwa hadi stesheni ya Andrianovskaya juu ya kipito, treni inapanda kwa kujizungusha kwenye mikunjo na mahandaki, mpaka abiria aliyeliona ziwa dirisha la kulia analiona tena kushoto. Treni ya mizigo yenye makaa ya mawe, mafuta, mbao au kontena ni nzito kuliko nguvu za kichwa kilichoko mbele, kwa hiyo Slyudyanka hutolewa kichwa kingine cha kuisukuma kutoka nyuma. Kikifika juu kinaachia, kinarudi chini kusubiri nyingine, usiku na mchana. Madereva wa vichwa hivyo, wasaidizi wao, mafundi wa karakana, wapanga njia, wakaguzi wanaotembea wakigonga magurudumu kwa nyundo na kusikiliza mlio, mafundi wa waya za umeme, wanaofagia theluji kwenye makutano ya reli: hao ndio mji.

Kulikuwa na kazi nyingine iliyokwisha. Njia ya magharibi mwa Slyudyanka ilitiwa umeme wa mkondo mnyoofu, na ile ya mashariki ikatiwa baadaye umeme wa mkondo geu. Kichwa cha aina moja hakiwezi kuingia upande wa pili. Ikawa lazima treni zisimame Slyudyanka, kichwa kimoja kifunguliwe na kingine kifungwe, na kila badiliko lilikuwa mshahara wa mtu. Mwaka 1995 upande wa magharibi, kuanzia stesheni ya Zima, ulibadilishwa ukawa wa mkondo geu. Kwa shirika la reli ni maendeleo makubwa, dakika nyingi zimeokolewa. Kwa mji, sababu moja ya treni kusimama ikaondoka, tena katika miaka ileile ambayo uchumi wa Urusi yote ulikuwa umeanguka.

Ulanga bado unachimbwa?

Hapana. Katika karne ya 20 ulanga ulipata soko jipya, maana haupitishi umeme na hauogopi moto, kwa hiyo viwanda vya vyombo vya umeme na redio viliuhitaji sana. Slyudyanka ikawa na migodi chini ya ardhi ndani ya eneo la mji wenyewe. Ilifungwa katika miaka ya 1970. Watoto wa mji huu hadi leo huokota magamba ya ulanga kwenye vifusi vya zamani, na wapenda mawe hutoka mbali kuja kupekua vifusi hivyohivyo kwa sababu aina za madini zilizotambuliwa hapa ni nyingi kupita kawaida.

Marumaru ndiyo inayoendelea. Machimbo ya Pereval, juu ya mji, hutoa mawe yanayopelekwa kwa reli kwenye kiwanda cha saruji cha Angarsk. Na marumaru nyekundu-waridi ya Burovshchina, iliyo katika wilaya hiyohiyo, imepamba vituo vya treni za chini ya ardhi huko Moscow. Abiria wa Moscow anaegemea nguzo iliyotoka Baikal.

Omul ni nini, na mbona kila msafiri anaitaja?

Ni samaki wa Baikal, mwembamba, mwenye magamba ya fedha na nyama laini yenye mafuta. Hukaushwa kwa moshi akawa na rangi ya dhahabu. Kwa miaka mingi kina mama walikuja kandokando ya treni na ndoo au mabeseni yaliyofunikwa kitambaa, samaki bado ana joto, na abiria wakashuka na ndala na koti la juu ya nguo za kulalia wakinunua kwa kukimbizana na king'ora. Fedha hiyo ndogo ililisha nyumba nyingi wakati mishahara ilipochelewa.

Samaki akapungua. Oktoba 2017 uvuvi wa biashara wa omul ulipigwa marufuku ili azaliane. Naiunga mkono marufuku hiyo, maana ziwa likiisha samaki hakuna wa kumuuzia mwenzake. Lakini aliyekuwa na beseni hakupewa kazi nyingine siku ile, na hilo lilipaswa kufikiriwa pamoja na samaki.

Kiwanda cha karatasi cha Baikalsk kinahusianaje na Slyudyanka?

Slyudyanka ni makao makuu ya wilaya, na Baikalsk ni mji jirani katika wilaya hiyo. Kiwanda chake kilianza kazi mwaka 1966, kikatengeneza malighafi ya karatasi na kumwaga maji machafu katika ziwa safi kuliko mengi duniani. Mwaka 1996 Baikal ikaingizwa na UNESCO katika urithi wa dunia, na kiwanda kikaendelea bado, hadi kilipofungwa mwaka 2013. Kilichobaki ni mabwawa ya tope la kiwanda juu ya mji, katika eneo la matetemeko na maporomoko. Tetemeko la Agosti 2008, ambalo kitovu chake kilikuwa karibu na Kultuk, lilitikisa wilaya nzima na kuacha nyufa majumbani. Tope hilo linanitisha zaidi ya jambo lolote katika habari za ukanda huu. Baikalsk sasa inajikongoja kwa mchezo wa kuteleza kwenye theluji na kwa bustani zake za stroberi.

Utalii unaingiza kitu?

Unaingiza, hasa kiangazi. Ile njia iliyokatwa mwaka 1956 imegeuka kivutio: watalii hupanda treni maalumu inayokwenda polepole, ikisimama kwenye mahandaki na madaraja ili watu wapige picha. Wengine hushuka Slyudyanka na mikoba mgongoni wakapanda mlimani kufuata njia ya zamani ya misafara ya chai mpaka Kilele cha Chersky, mita 2,090.

Kwenye reli hiyohiyo hupita treni ndogo ya wenyeji, wanayoiita Matanya. Vijiji vya ufuoni havina barabara. Matanya ndiyo inayowapelekea mkate, dawa, barua, mgonjwa na jamaa. Mtalii akipanda Matanya ajue kwamba amekaa kwenye kiti cha mtu anayerudi nyumbani na mfuko wa viazi.

Saa za stesheni huandikwa kwa saa ya wapi?

Zamani reli yote ya Urusi ilifuata saa ya Moscow, kwa hiyo mtu wa Slyudyanka alisoma tiketi yake kisha akaongeza saa 5. Tangu Agosti 2018 stesheni na tiketi hutumia saa za mahali.

Nikipita hapo kwa dakika chache tu, nifanye nini?

Usikimbilie ziwani. Liko karibu, abiria wengi wamejaribu kwenda kuchovya mkono na kurudi, na baadhi wameiona treni ikiondoka na mizigo yao. Ziwa utalitazama dirishani kwa masaa baada ya hapo. Shuka, vuka mpaka kwenye jengo la stesheni, weka kiganja kwenye ukuta. Kisha geuka utazame mwisho wa treni ya mizigo iliyo njia ya jirani, kama inaelekea magharibi: utaona kichwa kinasogea taratibu, kinagusana na behewa la mwisho, mlio wa chuma unakimbia behewa kwa behewa mpaka mbele, na treni yote inaanza kupanda mlima.